Umepata vyuo viwili vidogo Marekani na unatakiwa kuchagua kimoja: tufanye mfano wa Grinnell na Macalester

Kila mwaka Machi ikiishia ishia meseji zinaanza, dada nimepata viwili, niende wapi? Na mara nyingi sio Harvard na Yale, ni vile vyuo vidogo vya sanaa huria ambavyo huku kwetu hata mkuu wa shule hajawahi kuvisikia, chuo cha watu elfu mbili hivi, hamna watu wa masta wala PhD, profesa anafundisha mwenyewe na jina lako analijua, na ukitaka kusoma fizikia na historia kwa pamoja hakuna anayekushangaa. Nitatumia Grinnell na Macalester kwa sababu ni mfano mzuri sana wa kuumiza kichwa, vyote viko kule katikati ya Marekani kwenye baridi, vyote vinasaidia wanafunzi wa nje kwa hela ya maana, na kwenye karatasi vinafanana mpaka unachoka. Kama vyako ni vingine njia ni ileile, badilisha majina tu.

Ranki weka pembeni kabisa. Grinnell wana profesa mmoja kwa wanafunzi 9, Macalester mmoja kwa 10, sasa huo utofauti utauona wapi darasani? Watu wanakaa wiki nzima wanabishana nafasi ya kumi na tatu na ya ishirini na ngapi sijui wakati barua mbili za msaada wa hela hazijafunguliwa zikasomwa mstari kwa mstari. Tuanzie hapo.

Hela, mstari kwa mstari

Gharama kamili za vyuo hivi zinapita dola 80,000 kwa mwaka, usizimie, hakuna anayetegemea mzazi wako wa Mbeya azitoe. Vyote viwili vinaahidi kuziba pengo lote la uwezo wa familia kwa mwanafunzi wa nje waliyempokea, japokuwa wakati wa kuchuja majina wanaangalia pia unahitaji kiasi gani, kwahiyo kama ushashika barua mkononi ujue sehemu ngumu imepita. Shida ni kwamba hilo pengo kila chuo kinalipigia hesabu kivyake, na kila kimoja kinaandika barua kivyake.

Chukua karatasi, chora safu mbili. Namba hizi ni za mfano tu, sio za Grinnell wala Macalester. Chuo cha kwanza: gharama 88,000, skolashipu 82,000, kazi ya kampasi 2,500, mzazi alipe 3,500. Chuo cha pili: gharama 84,000, skolashipu 77,500, mkopo 3,000, kazi ya kampasi 2,500, mzazi alipe 1,000. Mtu akiangalia haraka haraka anasema cha pili ni rahisi, elfu moja tu bwana, tena mzee anaanza kufurahi. Ngoja kwanza. Bima ya afya iko wapi? Cha kwanza wameiweka ndani ya ile 88,000, cha pili hawajaiweka, na tuseme ni dola 3,000, hiyo italipwa na nani? Alafu ule mkopo wa 3,000 nao ni hela yako, utailipa tu siku moja. Kwahiyo cha pili kimekuwa 7,000 kwa mwaka na cha kwanza kimebaki 3,500, zidisha mara nne, 28,000 kwa 14,000. Ndo maana nasema usisome mstari wa mwisho ukaishia hapo.

Ile kazi ya kampasi nayo ielewe vizuri, sio hela uliyopewa, ni hela utakayoifanyia kazi, maktaba, jikoni, dawati la mapokezi, na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inakuruhusu masaa 20 kwa wiki semista ikiendelea. Malipo yanaingia kidogo kidogo kila wiki mbili hivi au mwezi, wakati bili ya chuo inakuja Agosti kabla hata hujaosha sahani ya kwanza. Uliza kama bili inaweza kulipwa kwa awamu.

Sasa kuna kitu ambacho wengi wanakikuta wakishafika, kodi. Skolashipu inayolipia ada na vitabu vya lazima haikatwi, ila ile sehemu inayolipia chumba na chakula serikali ya Marekani inaihesabu kama kipato, na kwa mwanafunzi wa F-1 wanakata asilimia 14. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani kwahiyo hakuna pa kujifichia. Kwenye mfano wetu kama ada ni 70,000 na skolashipu ni 82,000, basi 12,000 inakatwa kodi, hiyo ni dola 1,680 kwa mwaka. Uliza kila chuo wanaishughulikiaje hiyo, wanaiweka kwenye bili yako kila semista au wamekuongezea kwenye msaada, maana kwa familia ambayo imeambiwa ilipe 3,500, nyongeza kama hiyo ni karibu nusu ya mzigo juu ya mzigo.

Kwahiyo imeili moja kwa kila ofisi ya msaada wa fedha, fupi, maswali haya haya kwa wote wawili ili majibu yalingane: bima ya afya imo au haimo, tiketi ya ndege imo au haimo, kodi ya asilimia 14 inalipwaje, ada ikipanda mwaka kesho skolashipu inapanda nayo au inabaki palepale, na likizo ya Desemba na kiangazi bweni linafungwa au nabaki, nikibaki chakula nani analipa. Hilo la ada kupanda ndo lenye sumu, huwa inapanda karibu kila mwaka, na skolashipu iliyogandishwa kwenye kiasi cha mwaka wa kwanza itakufanya mwaka wa nne uwe unachangisha kwenye magrupu ya wotsap ya ukoo.

Ukiona pengo kubwa kati ya barua mbili unaruhusiwa kuomba waangalie tena. Usiwatishie, hapa sio Kariakoo. Andika kwamba unakipenda chuo chao, hali ya nyumbani ni hii, chuo kingine cha aina yao wamehesabu hivi, na uambatanishe ile barua. Kama kuna kilichobadilika tangu ujaze fomu, mzazi kapunguzwa kazi, mazao yameharibika, mdogo wako naye kaanza chuo, sema na uweke ushahidi. Wakati mwingine wanaongeza, wakati mwingine wanasema samahani, hakuna anayekunyang'anya nafasi kwa kuuliza kwa adabu. Na kama umetokea shule ya UWC East Africa ya Moshi au Arusha usisahau kuuliza hela ya Davis, ile skolashipu ya waliomaliza shule za UWC, imeingizwa sehemu gani ya hesabu, vyuo hivi viwili vyote vimo kwenye mpango huo.

Utasikia mtu anasema Grinnell ni matajiri, ni kweli, wana mfuko wa zaidi ya dola bilioni mbili kwa wanafunzi 1,700 hivi, sababu mojawapo ikiwa Robert Noyce aliyesoma pale akamaliza 1949 akaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel mwaka 1968, na chuo kikawekeza humo mapema. Warren Buffett naye aliwahi kuwa kwenye bodi yao. Stori tamu. Ila utajiri wa chuo unakuhusu tu pale ulipoandikwa kwenye barua yako, vinginevyo ni wa kwao.

Jumamosi moja ya Februari

Hapa ndo vyuo hivi viwili vinapoachana kabisa, na ndo sehemu ambayo vipeperushi vinakudanganya maana picha zote zimepigwa Oktoba majani yakiwa mekundu.

Grinnell iko kwenye mji unaoitwa hivyohivyo Grinnell, jimbo la Iowa, watu wake hawafiki 10,000. Ni mashamba ya mahindi na soya pande zote, reli ya treni za mizigo inapita katikati ya kampasi, na Des Moines ambako kuna uwanja wa ndege ni kama saa moja kwa gari. Macalester iko St. Paul, Minnesota, ndani ya jiji kabisa, mitaa ya Grand na Snelling, unatoka getini unapanda basi la A Line unashuka kituo cha 46th Street unaunganisha treni ya Blue Line mpaka uwanja wa ndege, na Minneapolis iko ng'ambo ya mto tu. Na huko Minneapolis kuna Wasomali wengi kuliko karibu mji wowote wa Marekani, kuna soko la Karmel lina sambusa, chai ya maziwa yenye hiliki, mabaibui, na misikiti iko ya kutosha. Kwa binti wa Tanga au Mombasa anayevaa hijabu hicho sio kitu kidogo. Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari mpaka Machi, katikati ya semista, kwahiyo swali la bwalo linafunguliwa saa ngapi na daku utakula nini ni swali la kweli, liulize vyuo vyote viwili. Kusuka nako. Cheka tu, ila mji wa watu 10,000 kupata mtu wa kukusuka twende kilioni au rasta ni kazi, mara nyingi ni mwenzako wa bwenini mwenye mkono mzuri ndo anasuka chuo kizima.

Lakini usikimbilie kusema basi Macalester. Mji mdogo una faida ambayo wengi hawaitarajii: kwa kuwa nje hakuna kitu, kila kitu kinatokea ndani. Matamasha, wageni, sinema, sherehe, vinaletwa na chuo na wanafunzi hawalipi au wanalipa kiduchu, karibu wote wanaishi kampasi kwa miaka mingi, profesa unakutana naye dukani Jumapili. Wenye hela na wasio na hela wikendi wanajikuta sehemu moja. Jijini ni tofauti, wenzako watasema twende tukale mgahawa fulani, twende tukaangalie mechi, na kila "twende" ni dola ishirini. Pia Macalester lazima ukae bwenini miaka miwili ya mwanzo, baada ya hapo wengi wanapanga nyumba mtaani, kwahiyo uliza msaada wako unabadilikaje ukihama.

Kuhusu baridi acha kulinganisha, kote utakutana na nyuzi 20 chini ya sifuri, tofauti yake ukiwa umeganda hutaiona. Koti la maana na buti ni lazima kote, uliza kama chuo kina mfuko wa kuwasaidia wanaotoka nchi za joto.

Jinsi ya kupata ukweli wa maisha: omba ofisi ya udahili ikuunganishe na wanafunzi wawili kutoka Afrika Mashariki au angalau Afrika, mmoja mwaka wa kwanza na mmoja mwaka wa nne. Usiwaulize "unapapenda?" maana wote watajibu ndio, ni wapole na pengine wanalipwa na ofisi ya udahili. Waulize hivi: Jumamosi iliyopita ulifanya nini kuanzia ulipoamka mpaka ulipolala? Alafu nyamaza. Mmoja atakwambia niliamka saa tano, nikala, nikaenda maabara, jioni tukapika ugali jikoni kwa bweni na Mghana mmoja na Mnepali, tukacheza karata. Mwingine atakwambia nilikuwa kazini, nikarudi, nikalala. Kwenye hilo jibu utasikia upweke, utasikia hela, utasikia marafiki, vyote bila yeye kuvitaja. Swali la pili, mara ya mwisho uliumwa au uliishiwa hela nani alikusaidia? Basi, hayo mawili yanatosha.

Masomo

Hapa kuna tofauti moja kubwa. Grinnell hawana orodha ya masomo ya lazima kwa wote, ukitoa ile semina moja ya mwaka wa kwanza na masharti ya meja yako, yaani fani kuu unayochagua, mengine unapanga mwenyewe na profesa wako mshauri. Macalester wana masharti, uguse sayansi ya jamii, sayansi na hesabu, fasihi na sanaa, lugha ya pili, uandishi, masomo ya kimataifa, na kadhalika. Kama wewe umetoka PCM umechoka kulazimishwa na unajua unachotaka, uhuru wa Grinnell utaufurahia. Kama wewe ni yule ambaye ukiachiwa utasoma kompyuta na hesabu tu miaka minne usiandike hata insha moja, masharti ya Macalester yatakusaidia bila wewe kupenda. Na waulize kama Kiswahili chako kinatosheleza sharti la lugha, hiyo ni semista kadhaa umeokoa.

Katalogi usiiamini sana. Chuo kidogo katalogi inakuwa na kozi arobaini za idara wakati walimu wako watano. Tafuta ratiba halisi ya semista mbili tatu zilizopita, zipo kwenye tovuti zao, kisha angalia meja yako tu: kozi za juu ngapi zilifundishwa kweli, viti vilikuwa vingapi, vilijaa? Kisha hesabu walimu wa kudumu. Idara ya watu wanne mmoja akienda likizo ya utafiti na mwingine akipata mtoto, kozi unayoitaka inasubiri mwaka mzima, na wewe una minne tu. Waandikie idara moja kwa moja uulize nani hatakuwepo miaka miwili ijayo. Ukijibiwa na profesa mwenyewe ndani ya siku mbili, hapo umeshapata na taarifa nyingine ya bure.

Kwa mnaotaka uhandisi, vyote viwili havina digrii ya uhandisi. Kuna mipango ya kusoma mitatu hapa na miwili kwenye chuo kikuu kingine, ila ile miwili ya mwisho msaada wa hela mara nyingi haukufuati kwahiyo kwa mtu asiye na hela mpango huo ni pambo.

Alafu kitu cha kiofisi ila kizito. Ukimaliza, kwa sheria ilivyo sasa, unaruhusiwa kufanya kazi Marekani miezi 12, na meja ikihesabika ya sayansi na teknolojia unaongezewa 24. Uchumi unaweza kuwa upande huu au ule kutegemea namba ya fani ambayo chuo kimeisajili: 45.0601 ni uchumi wa kawaida, haiongezewi, 45.0603 ni uchumi wa takwimu, inaongezewa. Namba hiyo inaandikwa kwenye I-20 yako, ile fomu ambayo chuo kinakupa ya kuombea viza. Vyuo viwili, meja jina lilelile, mmoja anapata mwaka na mwingine mitatu. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wanaijua kwa kichwa.

Viza, na swali ambalo wengi hawaulizi

Tangu 2025 Marekani imekuwa ikibadili masharti ya viza kwa nchi kadhaa za Afrika, Burundi wakiwa kati ya walioguswa mapema hata kwa viza za wanafunzi, kwahiyo angalia tovuti ya ubalozi wa nchi yako kwa tarehe ya leo, sio ya rafiki yako aliyeenda mwaka juzi. Na uulize vyuo vyote viwili kwa maandishi: viza ikichelewa au ikikataliwa, naweza kuahirisha mwaka mmoja, na msaada wangu utabaki uleule? Kuna chuo kitasema ndio na chuo kitasema utaomba upya. Kwa sasa hivi jibu hilo kwangu lina uzito kuliko ranki, kuliko hata mji.

Ukishajaza karatasi yako, kaa nayo. Mimi kanuni yangu ni hii, tofauti ya kweli ikizidi dola 3,000 kwa mwaka, hela iamue, isipokuwa kile cha bei rahisi hakifundishi vizuri unachotaka. Ikiwa chini ya hapo acha ile Jumamosi ya Februari iamue. Kijana wa mjini ambaye anahitaji kupotea kwenye watu, au anayetaka msikiti au kanisa la kwao na intanship mjini bila gari, namwambia Macalester. Yule anayependa kukaa na watu walewale mpaka usiku wa manane na hataki kuona hela zikimtenga na wenzake, Grinnell, na akili yake itanolewa vilevile.

Nyumbani watakuuliza Gri-nini? Hapo usianze kueleza mfumo wa elimu wa Marekani. Kwa Macalester mwambie baba mdogo kwamba Kofi Annan alisoma uchumi hapo akamaliza 1961, na bendera ya Umoja wa Mataifa inapepea kampasini tangu 1950, kikao kimeisha. Kwa Grinnell mwambie yule wa Intel, jina liko kwenye stika ya laptopu yake, amalizie kusoma mwenyewe.

Jibu lako linatakiwa kabla ya tarehe 1 Mei. Kama kuna dipoziti na huna, omba usamehewe, wana utaratibu. Usikubali vyuo viwili kwa pamoja ukidhani unajihami, wakijua unaweza kupoteza vyote, na kile unachokiacha waandikie mapema mistari miwili ya shukrani ili nafasi imwendee mtu wa akiba. Ukishapata I-20 lipa dola 350 za SEVIS, ule mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje, weka miadi ubalozini, na ile karatasi ya safu mbili usiitupe maana afisa atakuuliza kwa nini umechagua chuo hiki, na wewe tayari unajua jina la idara, kozi mbili unazozitaka na nani analipa nini kwa miaka minne. Barua ya msaada ya chuo ulichochagua uwe nayo mkononi, ya kile kingine iache nyumbani.